Kwa Papa Neema, Aliyetazama Hoki kwa Mgongo

Papa Neema, mume wangu,

Sijui nikuandikie wapi. Mtu wa mwisho kukuona alikuona unapanda lori, na lori halina sanduku la posta. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, aisome atakayeisoma. Nakala moja nitaibandika kwenye kioo cha saluni pale Chaussée de Wavre, kati ya matangazo ya harusi na ya vyumba vya kupanga. Nyingine anaondoka nazo padri anayekwenda Bujumbura, na ameniahidi zitafika hadi kambi za wakimbizi za Kigoma, zisomwe baada ya misa. Wewe unayeisoma, kama karibu yako kuna mwanamume mrefu, mwenye pengo la jino juu na kovu la kuungua mkono wa kushoto, ambaye hawezi kuanza habari yoyote bila kusema "bon" kwanza, tafadhali msomee kwa sauti. Anaitwa Deo.

Najua tayari unacheka Kiswahili changu. Ulikuwa ukisema naandika kama msoma habari wa redio, kwa sababu nilisomea Kigoma kwa shangazi, wakati ninyi watoto wa Bukavu mlikuwa mnakivunja Kiswahili na kukila bila chumvi. Cheka. Ningetoa chochote nisikie unanicheka.

Ni Februari tena hapa Brussels. Juzi, kwenye televisheni, walionyesha vipande vya ile hoki ya barafu ya Nagano, eti mwaka umetimia. Nilikuwa napiga pasi sare ya kazi. Nilipomwona yule kipa amelala chali miguu hewani nikazima haraka, kisha nikawasha tena, kisha nikazima. Neema aliniuliza kama televisheni imeharibika.

Unakumbuka ulivyopata ile kazi kwenye uwanja wa barafu? Nilidhani ni mzaha. Mtoto wa Kadutu, mtaa wa Bukavu ambako barafu ni ile inayokaa chini ya chupa za soda, sasa analipwa aitunze barafu ya Wabelgiji. Siku ya kwanza ulirudi ukakaa mezani na koti lako mwilini, ukaanza na ile "Bon" yako. Ukaniambia wamekupa kuendesha gari lisilo na honi, linalokwenda polepole kuliko maandamano ya Jumapili ya Matawi, na kazi yake ni kukwangua barafu iliyochanwa na viatu vya watu, na kumwaga maji juu yake. Maji ya moto. Nilikukatalia. Nikakwambia hao wazungu wamekuona mgeni wakakudanganya. Ukanieleza kwamba maji ya moto huyeyusha mikwaruzo kidogo, yakaingia ndani, yakaganda na kuwa laini kuliko kioo. Sikukusadiki mpaka uliporudi na mkono umefungwa bendeji, umeungua kwa maji ya kutengenezea barafu. Pale hospitali kubwa ya Jette, wauguzi wenzangu walicheka wiki nzima.

Na mama yako! Ulimpigia kwenye simu ya parokia, wakamwita, akaja anahema. Ulipomweleza kazi yako akauliza mara mbili ili awe na hakika. "Bazungu banalipa juu ya kusikia baridi?" Ukamwambia ndiyo. Alicheka mpaka laini ikakatika, na wewe ukabaki umeshika simu, unatabasamu peke yako kama bwana harusi.

Pale uwanjani ndipo ulipompata mzee Milan, Mcheki, fundi wa mitambo ya kugandisha. Alikimbia kwao mwaka wa sitini na nane, vifaru vya Warusi vilipoingia, akafika Brussels na suruali moja. Kifaransa chake kilikuwa kibaya mno na chako kilikuwa cha Kivu, lakini mlielewana kuliko ninavyoelewana mimi na mkuu wangu wa zamu. Yeye ndiye aliyekutia ugonjwa wa hoki. Alikuonyesha jinsi ya kushika fimbo, akakueleza kwa nini kile kisahani cheusi cha mpira hugandishwa kabla ya mchezo ili kisirukeruke. Ulianza kuja nyumbani na maneno mapya. Ukawa unasukuma kifuniko cha sufuria kwa ufagio sakafuni, Neema akiwa golini chini ya meza. Mimi nilikuwa nalala mchana kwa ajili ya zamu za usiku, na nilikulaani zaidi ya mara moja.

Basi ikaja Februari ile ya 1998, na Milan hakuwa na neno jingine mdomoni ila Nagano. Alikuambia, nawe ukanirudishia kana kwamba ni habari za ukoo wako, kwamba kwa mara ya kwanza ligi kubwa ya Amerika ya Kaskazini ilisimama ili wachezaji wake wa kulipwa waende Olimpiki, kila mmoja na nchi yake. Zamani waliokwenda walikuwa wengine. Safari hii walikwenda wenyewe. Wakanada walijaa majina makubwa, Wamarekani vilevile. Wacheki, nusu ya timu yao walikuwa watu wanaocheza nyumbani kwao tu, ambao hakuna aliyewajua. Kwa hiyo, bila shaka, ukawachagua Wacheki. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema nchi iliyokanyagwa na jirani zake inahitaji mashabiki. Tulijua sote ulikuwa unazungumzia nchi gani.

Kwa kuwa Japani jua huwahi kuchomoza, mechi zilitufikia hapa pamoja na chai ya asubuhi. Ile ya nusu fainali ilikuwa Ijumaa. Nilitoka zamu, nikapanda ngazi nikiwa nimekufa kwa usingizi, nikakuta Neema ameshakwenda shule, nawe umesimama katikati ya sebule na mswaki mdomoni. Wacheki na Wakanada, bao moja kwa moja. Muda wa nyongeza ukaisha hivyohivyo. Zikaja penalti. Hapo ndipo ulipofanya kile ambacho sikuwahi kumwona mtu mzima akikifanya: ulichukua kiti, ukakigeuzia ukutani, ukaketi na kuipa televisheni mgongo.

"Mama Neema, angalia wewe," ulisema. "Mimi nikiangalia banafungwa."

Nikakuuliza ni nani aliyekudanganya kwamba macho yako yanafika Japani. Ukanieleza, ukiwa umeukodolea macho ukuta, kwamba tangu utoto wako, kila ulipokwenda uwanjani kutazama timu ya mtaa wenu, walifungwa. Na kila ulipobaki nyumbani kuchota maji, walishinda. Mpaka wenzako wakawa wanakulipa karanga ubaki. Mtu aliyesoma hesabu chuo kikuu! Nilicheka, lakini wewe hukucheka. Basi nikaketi na sare yangu ya hospitali, mimi nisiyejua hoki hata chembe, nikawa mtangazaji wako.

Nilisema niliyoyaona. Mkanada anakuja, anayumba kama mtu aliyekunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi ya kwetu, anapiga. Kipa ameanguka miguu juu, kama mende aliyepinduliwa, lakini kisahani kimemgonga yeye. Hakikuingia. Mabega yako yakashuka kidogo. Sasa Mcheki anakuja. Anapiga. Kimeingia. Mabega yakapanda tena, ukaniambia nisiseme kwa sauti ya furaha, niseme tu. Wakaja wengine na wengine, na yule mende akawa anawazuia wote, na mimi nikajikuta nimesimama, nimeshika nywele zangu. Alipokuja wa mwisho wa Kanada nilishindwa kutangaza. Ukaita, "Mama Neema? Mama Neema, sema!" Sikusema. Nilikuja nikakushika mabega kutoka nyuma, na ukaelewa.

Ulininyanyua na viatu vyangu vya kazini, Madame wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio, ukamgongea na wewe. Kisha ukakimbilia kazini ukiwa umechelewa, na kwa furaha ukasahau kufunga bomba la ile mashine yako ya kumwaga maji. Wanafunzi walipofika kuteleza wakakuta bwawa katikati ya barafu. Msimamizi alibadilika rangi. Milan alimwambia akuache, eti leo hata barafu ina haki ya kunywa.

Fainali ilikuwa Jumapili, dhidi ya Warusi. Milan alitupitia kwa gari lake lenye kelele, bado alfajiri, akatupeleka kwenye kantini ya uwanja ambako wazee wenzake wa Kicheki walikuwa wameketi mbele ya televisheni ndogo kama watu walio kanisani. Kulikuwa na supu ya kabichi. Tulimlaza Neema juu ya rundo la makoti lakini hakulala. Milan alipiga marufuku mtu yeyote kutamka neno la ushindi kabla ya kengele ya mwisho. Kwetu tungesema usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Wewe hukuthubutu hata kuingia kantini. Ulisimama nje ya mlango, umeitazama barafu tupu, na Neema akawa anakimbia kati yako na televisheni kukuletea habari. "Papa, bado." "Papa, bado." Sehemu ya kwanza, bado. Ya pili, bado. Katika ya tatu Wacheki wakapata goli, moja tu, na mtoto akaruka kutoka mlangoni akisema "Papa, tayari!" Ukamfunika mdomo kwa mkono wako, ukacheka bila sauti. Kisha mkasubiri pamoja, umembeba, mmetupa mgongo wote wawili.

Kengele ya mwisho ilipolia, Milan hakupiga kelele. Alikaa chini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Halafu akakuomba utoe ile mashine. Ukaiwasha, akapanda ubavuni, Neema mapajani mwako, mkazunguka uwanja ule mtupu polepole, Milan akiwapungia mkono wazee wake kama askofu anayetembelea parokia. Ulikuwa unaimba wimbo wa harusi wa kwetu, kwa sababu ndio pekee uliokujia. Nilisimama kwenye ukingo, miguu imekufa ganzi, nikakupenda kwa namna iliyonitisha. Niliona jinsi furaha yako ilivyokuwa kubwa, nikajiuliza tutaificha wapi.

Hatukuificha popote. Julai baba yako akafa.

Sitarudia habari za siku zile, unazijua. Wewe ndiye kifungua mimba, na udongo wa kwanza juu ya baba hutupwa na mkono wa kifungua mimba. Wakamweka baba, wakakungoja. Hakuna aliyekuuliza kama utakwenda, hata mimi. Kule uwanja wa ndege nilianza kulia, si kwa sababu ya hofu, kwa mazoea tu, kama wanawake wanavyolia viwanja vya ndege. Ukanifuta kwa kidole gumba, Neema akiwa amesimama katikati yetu, ukasema maneno ambayo sasa nayachukia kuliko maneno yote ya duniani.

"Bon. Hapana lia, Mama Neema. Watu wanaliliaka wafu tu. Mimi niko muzima, narudi."

Ulipiga mara moja. Ulisema mmezika vizuri, mama yako amejikaza, unarudi wiki ijayo. Wiki hiyo vita ikalipuka. Simu ya parokia ikawa inaita tu, kisha ikawa haiiti. Mwezi wa tisa akafika mtu wa Bukavu, akaniambia mpaka wa Ruzizi ulifungwa, na wewe ukapanda lori la kwenda Uvira ili uvuke mpaka Bujumbura upandie ndege huko. Nikamshukuru, nikampikia. Mwezi wa kumi na moja akafika mwingine. Huyo alisema lori lile lilikutwa njiani, milango wazi, hakuna mtu ndani. Nilimuuliza kama kulikuwa na damu. Akasema hakuona damu. Nikamuuliza viatu? Akasema hakuona viatu. Basi, nikamwambia, walishuka wakatembea. Alinitazama, akaomba maji.

Nimekutafuta, Papa Neema. Nimeingia kila ofisi inayosemekana hutafuta watu. Nimekwenda mitaa ile ya Schuman, kwenye majengo ya vioo ya wakubwa wa Ulaya, na picha yako ndani ya mkoba. Mabwana wapole wananiketisha, wananipa kahawa, wanasema eneo lile halifikiki kwa sasa. Kwa sasa! Watu wa kanisani wananiambia subira huvuta heri. Nimevuta mpaka kamba imenikata mikono. Kazini naosha wazee wanaokufa, nawafunga kidevu, nawachana nywele, na wanapoingia watoto wao kuwaaga natoka nje haraka kwa sababu naona wivu. Ndiyo, wivu. Wana mtu wa kuosha.

Nyumbani niliweka sheria. Neno lako lilikuwa masikioni mwangu: hulilia wafu tu. Na mama yako naye, zamani, aliniambia vivyo hivyo, kwamba kumlilia mtu aliye hai ni kumfungulia kaburi, machozi humfuata alipo yakamvuta. Mimi niliyekuuliza ni nani aliyekudanganya kwamba macho yako yanafika Japani! Nilipiga marufuku machozi. Mke wa mdogo wako alipokuja akaanza kulia mlangoni, nilimfukuza kama mwizi. Nilimketisha Neema nikamwambia: katika nyumba hii hakuna kulia, Papa ni mzima, atakayelia anamuua. Akaitikia kwa kichwa. Tangu mwezi wa nane hajalia, hata alipovunjika kidole kwenye mlango wa shule. Nilijivunia. Nikawaambia watu, mwoneni mtoto wa miaka tisa alivyo na imani.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mdogo wako Evariste alikuja na mamaa wawili wa kanisa. Amenyooka, hakuzungukazunguka. Alisema ukumbi umepatikana, ni Jumamosi ijayo. Alisema msafiri amemletea habari kwamba mama kule Bukavu amelala chini kwenye mkeka tangu alipopata habari za lori, na hatainuka mpaka kilio chako, yaani matanga, kikaliwe, maana ndivyo desturi ilivyo. Mtu asiyekaliwa kilio hutangatanga na waliobaki hutangatanga naye. Picha yako ameshaikuza. Ile uliyopiga kwa ajili ya kitambulisho, ambayo ulisema unafanana na mtu aliyekamatwa.

Nikamwambia, "Evariste, ukikaa kilio, ni wewe umemuua ndugu yako."

Akasema, "Mama Neema, grand frère, kaka yangu, alisha kufa. Wewe ndiye unamukatalia kupumzika."

Nikawafungulia mlango. Mamaa wale walitoka wakinishika mkono mmoja baada ya mwingine, na mikono yao ilikuwa na huruma, ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nilipogeuka, Neema alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alisikia yote.

"Maman," akasema, "mimi nililia."

Nikamuuliza lini.

"Ku école, ku shule. Ndani ya toilette. Mara mingi. Ulisema hapa nyumbani, donc nilikuwa nalilia kule." Alinitazama kwa macho makavu kabisa, Papa Neema, makavu kama ya mzee. "Ni mimi nilimuua?"

Nakumbuka nilikuwa sakafuni nimemkumbatia, nikisema hapana, hapana, hapana, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosikia kwamba sauti yangu ni ileile iliyomwambia mwezi wa nane kwamba atakayelia anamuua. Mtoto ana sauti moja ya mama. Sasa asadiki neno lipi?

Jumanne Milan alikuja. Huja kila wiki, hukaa dakika chache, huniuliza kwa macho, nami hutikisa kichwa. Nilimweleza. Mzee yule alivua kofia, akaketi sakafuni kando ya Neema, magoti yakilia, akamsimulia kwa Kifaransa chake kibovu. Alisema alipokimbia kwao mama yake aliambiwa kwamba amepigwa risasi mpakani. Mama akamlilia, akamsomea misa, akavaa nyeusi miaka mingi. "Na mimi wakati huo," akasema, "nilikuwa hapa Brussels naosha sahani. Hata mafua sikupata." Akamwonyesha mikono yake, akamwambia aiguse, aone kama ni ya mtu aliyekufa kwa machozi. Neema aliigusa. Akamshukuru kwa adabu, kama tulivyomfundisha. Kisha akanigeukia, akasema kwa Kiswahili ili mzee asielewe:

"Maman, ye ni muzungu. Machozi ya bazungu haina nguvu."

Jioni hiyo nilimpigia Evariste. Nimekubali. Jumamosi hii tunakaa kilio chako. Nitaketi chini, nimefunga kitambaa cheupe kichwani, mbele ya picha ile ya mtu aliyekamatwa, na watu watakuja kunipa pole, nami nitapokea. Usinielewe vibaya. Si kwamba nimesadiki umekufa. Moyo wangu bado unakutazamia kwenye kila ngazi inayopandwa na mtu mrefu. Lakini nina mtoto ambaye nimemfungia machozi miezi yote hii, na desturi yetu haina mlango mwingine wa kumruhusu alie. Kati yako na yeye, nimemchagua yeye. Ungefanya vivyo hivyo. Ukiwa huko uliko unanikasirikia, kasirika, ila kasirika ukiwa hai.

Nimemwambia kwa Kiswahili, nimemwambia kwa Kifaransa, nimemwapia kwa jina la babu yake, kwamba machozi hayaui mtu. Jana nililia mbele yake makusudi, kwa sauti, nimwonyeshe hayana kitu. Alinirukia, akanifuta kwa viganja vyote viwili, haraka haraka, kama mtu anayezima moto.

Nikuage vipi? Mtu huaga anayeondoka, na wewe sijui kama uliondoka au uko njiani. Nitasema tu: kama barua hii imekukuta kambini, hospitalini, gerezani, kwa mwanamke mwingine, popote, sikuulizi chochote. Utatukuta tumevaa nguo za msiba. Usirudi nyuma. Ingia, uchutame mbele ya mtoto wako, umwambie kwa kinywa chako kwamba hakukuua.

Mimi hanisadiki.

Yule ambaye Jumamosi wataanza kumwita mjane,

Mama Neema